Mashine ya Bashir Iliyonivua Maawis Mbele ya Wakwe

Niseme mapema kabla hamjaanza kusukumana viwiko: ndiyo, yule mtu wa kwenye ile video ni mimi. Yule aliyevaa shati jeupe la pasi, kofia ya sala kichwani, ndevu zimechanwa vizuri, na huko chini... basi, mmeona wenyewe. Nilikaa kimya nikidhani watu watachoka na kusahau, lakini juzi nilikwenda Ifo, kule kambini Dadaab, kupeleka geti la duka, mtu ambaye sijawahi kumwona tangu nizaliwe akaniangalia usoni, akaniangalia kiunoni, akaenda kuegemea ukuta kwa kicheko mpaka mwenye duka akamletea maji. Hapo nikasema hapana, heri niisimulie mwenyewe, maana akiisimulia Bashir mjinga anakuwa mimi peke yangu, na hilo sikubali. Kwamba nilikuwa mjinga sikatai. Lakini peke yangu? Haiwezekani.

Mimi naitwa Farah, fundi wa chuma hapa Garissa. Natengeneza mageti, vitanda, vihori vya kulishia mifugo, na yale magari ya punda yanayobeba maji mtaani. Karakana yangu ni ua wa nyuma wa nyumba tunamokaa, mabati juu, mchanga chini, na ua huo (hapa ndipo maneno yote yalipoanzia) si wangu. Ni wa baba mkwe, Mzee Gedi, mfugaji wa Ijara, aliyetuachia tukae pale nilipomwoa binti yake Habiba. Sasa Mzee akaleta ujumbe kwamba anautaka ua wake. Ng'ombe wake wakiletwa kutoka Ijara hawana pa kulala kabla ya siku ya soko, na haoni kwa nini walale kwa watu wengine wakati yeye ana ploti imejaa vyuma vya mkwe. Nyumba tutakaa, alisema, ila hivyo vyuma vitoke.

Vitoke viende wapi? Hakusema. Na mimi nilijua kilichomsumbua si ng'ombe peke yao. Kwetu wafugaji mtu anaweza kukaa kivulini mchana kutwa anatafuna mswaki, mifugo yake inachungwa na mwingine, na huyo akapewa mkeka wa mbele kwenye kila sherehe, lakini wewe unayetoka jasho mpaka shati linasimama lenyewe kwa chumvi, wewe unaitwa mpiga chuma, na hilo neno wanalisema wakikunja pua. Linaniudhi tangu utotoni na litaniudhi mpaka kaburini. Habiba akampigia baba yake simu, akamwambia, "Aabo, usikate shauri kabla hujaona. Njoo uone kazi yenyewe kwa macho yako." Mzee akakubali. Atakuja na mama mkwe na wazee wenzake, aangalie, kisha aseme neno lake la mwisho.

Nikaanza kujiangalia kwa jicho la mgeni, na nilichokiona hakikunifurahisha. Nilikuwa natoboa chuma kwa drili ya mkono, nimeibana na kifua, nimejikunja, tundu linakwenda upande, bawaba hazikutani, geti linaning'inia kama limelewa. Mzee akinikuta hivyo atanihurumia, na mtu anayehurumiwa haachiwi ua. Nilihitaji mashine ya kutobolea, ile ya kusimama yenyewe, unaweka chuma mezani, unavuta mkono, biti, ile ncha ya kutobolea, inashuka wima, tundu linatoka sawa kila mara. Ikisimama pale katikati ya ua, hata kabla sijaiwasha, mtu atasema hapa ni kiwanda.

Basi siku moja mimi na Habiba tukaenda kutafuta. Kwanza tulifika kwa Kilonzo, Mkamba mwenye duka la vyuma nyuma ya soko. Alikuwa na moja kuukuu, ya kijani, rangi imebanduka, ina alama za kazi kila mahali, mbaya kwa sura kwelikweli. Lakini ilikuwa na jiliwa yake ya kubania chuma mezani, kinga ya plastiki mbele ya biti, na kifungo chekundu cha kuzimia, kikubwa, mbele kabisa, unachoweza hata kukibonyeza kwa goti. Kilonzo akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena, akatuachia tuizime wenyewe. Mimi nilikuwa naangalia ile rangi iliyobanduka nikifikiria uso wa Mzee Gedi.

Kisha (ningekuwa nimevunjika mguu siku ile ningemshukuru Mungu) tukaenda kwa Bashir. Bashir ni mtoto wa baba yangu mdogo, ana duka la bidhaa za kutoka nje, mataa, feni, simu, kila kitu kinachong'aa. Tangu akae Eastleigh kidogo hataki kuongea Kisomali mpaka umkanyage kidole. Akatupokea kwa mikono miwili, akatuvutia viti, akaagiza soda, kisha akavuta turubai kama anafunua bibi harusi. Buluu. Mpya. Imenizidi urefu. Bado imevishwa karatasi ya plastiki.

"Ina adeer," akasema, yaani mtoto wa baba mdogo, "hii ndiyo ile kitu. Mandera nzima wananunua hii. Wewe ni fundi mkubwa bana, utatumiaje mashine ya kuzeeka?"

Nikaizunguka. Nikaipiga shingo na kiganja. Nikausukuma mguu wake nione kama inasimama imara, nikainama nikaichungulia kwa chini, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Mmenielewa nilichokuwa nafanya? Nilikuwa nachagua mashine kama mtu anavyochagua ng'ombe! Mimi niliyekataa kuchunga, mimi ninayejifanya mtu wa viwanda, nilipopata nafasi ya kununua mashine moja ya maana mikono yangu ikarudi malishoni. Na sikumwambia aiwashe. Kwetu ukimwambia ndugu yako "washa nione" umemwita mwongo, tena mbele ya mke wako na soda yake iko mkononi mwako. Kwa Kilonzo tuliwasha kwa sababu Kilonzo si ndugu. Fikirini ujinga huo: tunampima mgeni asiyetudanganya, halafu ndugu tunampokea hivihivi.

Habiba ndiye aliyeinama upande wa nyuma. Habiba ni mshonaji, ana cherehani ya umeme pale nyumbani, na macho yake hayababaishwi na rangi. Akaiona swichi, kitu kidogo cheusi, kimefichwa nyuma ya mota.

"Cherehani yangu nikiinua mguu inasimama," akasema. "Hii ikikushika, unazima wapi?"

Bashir akacheka. "Dada, hii ni mashine ya wanaume, haizimwi-zimwi ovyo. Unazungusha mkono nyuma, unabonyeza, kwisha."

"Na kinga ya hapo mbele? Na kile cha kubania?"

"Hizo ni za shule, za watoto. Farah ana mikono."

Na mimi, badala ya kumsikiliza mke wangu, nikanyoosha mikono yangu miwili mbele nikaitazama kwa fahari. Ndiyo, nina mikono. Lakini niwaambie siri ya ndani kabisa, kilichonifanya niichukue ile ya buluu hakikuwa mikono wala rangi peke yake. Ile ya Bashir ilikuwa rahisi kuliko ya Kilonzo kwa kiasi cha mbuzi mmoja mnono. Na baba mkwe anakuja. Baba mkwe haji kwako ukamwekea maharagwe na chapati, labda kama umechoka kuishi na watu. Kwa hiyo pale dukani, nimeshika soda, nikapiga hesabu ya kifugaji: nikinunua hii nitamchinjia Mzee mbuzi, nikinunua ile ya kijani Mzee atakula mchele mtupu. Nikachagua mbuzi. Huo ndio uamuzi mdogo mnaoniuliza kila siku, "Farah, ilianzaje?" Ilianza kwa mbuzi.

Siku ya siku ikafika. Mbuzi alishachinjwa asubuhi, sufuria kubwa iko kwenye mafiga pembeni ya ua, mchuzi unachemka, mashine imesimama katikati imetolewa karatasi. (Sikuifunga chini kwa nati. Inafungwa, ndiyo, ina matundu manne kwenye mguu kwa kazi hiyo, lakini sakafu yangu ni mchanga, ningeifunga kwenye nini?) Bashir akaja bila kualikwa, na simu yake mkononi, eti anataka kupiga video ya tangazo ili watu waone mashine zake zikifanya kazi. Nilifurahi! Nikamwonyesha hata mahali pa kusimama ili jua lisimpige.

Nilikuwa nimevaa suruali ya kazi, ile ngumu, ya kubana. Laiti ningebaki nayo. Niliposikia gari la Mzee likisimama nje nikajitazama, nikaona mafuta magotini, nikaona matundu ya cheche, nikaona ndimi yule mpiga chuma anayesemwa. Utampaje baba mkwe mkono ukiwa hivi? Nikakimbia ndani, nikavaa shati jeupe na maawis, ile shuka ya kiunoni ya wanaume wa kwetu, tena ile nzuri, nyekundu ya miraba, ambayo mama mkwe aliniletea wakati wa Idi. Nikaifunga harakaharaka, nikatoka natabasamu.

Hapa lazima nisimame kidogo nieleze habari ya kaptura, msiniharakishe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kilichoko chini ya maawis anakijua mwenye kuivaa na mke wake, basi. Habiba alikuwa ameshona mapazia mapya ya sebuleni kwa ajili ya wageni, kitambaa cha kijani kibichi chenye maua makubwa ya manjano, kila ua kama sahani. Kikabaki kipande. Habiba hatupi kitambaa. Akanishonea kaptura ya ndani, akasema, "Nani ataiona?" Nami nikasema, "Nani ataiona?" Tukacheka wote wawili, wajinga sisi.

Wageni wakaingia. Mama mkwe akapita moja kwa moja sebuleni na Habiba, maana kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai wanatazamana, kila mmoja anamwekea mwenzake heshima kwa kukaa mbali. Nilimsikia kutoka uani akisifu, "Mashallah, mapazia haya! Umeyatoa wapi maua haya?" Moyo wangu ukapoa. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Mzee Gedi akakaa kwenye kiti uani, mrefu, mkavu, shali yake begani, wazee wenzake ubavuni, wakapewa chai ya maziwa ya ngamia. Majirani nao wakajaa kwenye ukuta, maana huku kwetu ukileta kitu kipya ni cha mtaa mzima. (Sisi tulikuwa tunaongea Kisomali, nawaletea kwa Kiswahili. Bashir alikuwa anaongea chake.)

"Haya," Mzee akasema akinyoosha fimbo, "msimamishe huyo ng'ombe wako tuone kama anatoa maziwa."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Nikazungusha mkono nyuma ya mota, nikapapasa, nikaipata swichi, mashine ikanguruma. Nikaweka kipande cha chuma bapa mezani, nikakishika kwa mkono wa kushoto, nikavuta kwa mkono wa kulia, biti ikashuka taratibu, chuma kikatoa uzi mrefu unaong'aa, tundu likatoka safi, la duara, wima. Nikampelekea Mzee. Akalitia kidole. Akaliangalia jua kupitia tundu. Akawapitishia wenzake.

"Mashallah," akasema. Kweli kabisa alisema mashallah, kwa chuma, yeye Mzee Gedi. Macho yangu yakataka kulia kidogo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angezima, akaosha mikono, akaleta nyama. Mzee alikuwa ameshaanza kuulainisha moyo, ua ulikuwa karibu unabaki wangu. Lakini Bashir, shetani huyu, akapaza sauti nyuma ya simu yake: "Ina adeer, weka ile biti kubwa! Hiyo ndogo haionekani kwa kamera!" Na mimi, kwa ajili ya kamera, nikaweka ile kubwa, nene kama kidole gumba.

Biti kubwa si biti ndogo. Chuma kisichobanwa unaweza kukishika kwa mkono ukitoboa tundu dogo, lakini biti nene ikifika chini, pale inapotokea upande wa pili, inakikamata chuma na kukizungusha. Nilijua jambo hilo. Nalijua tangu nijifunze kazi. Chuma kikanyofoka mkononi mwangu, kikanipiga vifundo vya vidole mpaka damu ikatoka, kikaanza kuzunguka mezani kwa kasi, vuu, vuu, vuu, usawa wa kiuno changu. Nikaruka nyuma. Mimi niliruka, maawis haikuruka. Pembe ya kile chuma ilishika mkunjo wa mbele, na mashine ikaanza kuisokota kama mwanamke anayekamua nguo.

Nikashika ncha ya pili. Nikavuta. Ikavuta. Nikavuta tena nikiwa nimeegemea nyuma, visigino vimezama mchangani, na mashine, kwa sababu haikufungwa, ikaanza kutikisika na kutembea. Ndugu zangu, ilinifuata! Ilikuwa inakuja hatua ndogondogo, inaruka na kugonga, na swichi iko huko nyuma yake, na ili nifike nyuma lazima nipite karibu na kile chuma kinachofyeka hewa. Nikazungusha mkono kama Bashir alivyonifundisha. Mkono ulifika nusu ya njia nikaurudisha haraka kabla haujabaki huko. Nikapiga kelele, "Zima! Zima!" Nani azime? Wazee walikuwa wameinua miguu juu ya viti. Na Bashir, nisikilizeni vizuri, Bashir hakuweka simu chini. Alipiga kelele, "Usiivute, utaiharibu mashine!"

Nikaachia. Maawis ya Idi ikaruka juu ikizunguka kama bendera, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya ua, shati jeupe, kofia ya sala, na kuanzia kiunoni maua ya manjano. Ukutani mtu mmoja akasema "Yaa Allah" kwa sauti ndogo, halafu mtaa mzima ukapasuka. Nilijaribu kuvuta shati chini. Halikufika. Nikageuka niwape mgongo wanaume, kumbe nyuma yangu ndiko kwenye dirisha la sebule, na katikati ya mapazia yaleyale mama mkwe alikuwa ametoa kichwa aone kelele ni za nini.

Wakati huohuo kile chuma kikachomoka, kikaruka, kikaipiga sufuria ubavuni. Sufuria ikapinduka, mchuzi wote ukamwagika mchangani, yule mbuzi niliyemnunua kwa akili yangu yote. Kisha mashine ikanyamaza ghafla. Habiba alikuwa amesimama mlangoni, ameushika waya mkononi, ameung'oa ukutani.

Katika ule ukimya, mama mkwe, mwanamke ambaye kwa miaka yote sijawahi kumsikia akinitaja kwa jina, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Habiba, hilo si pazia la sebuleni?"

Niliomba ardhi ipasuke. Nilikasirika kiasi kwamba sikuona aibu vizuri, aibu ilikuja baadaye, usiku, kitandani. Pale nilitaka kumkamata Bashir na ile simu yake nimtoboe nayo. Nilipiga hatua kumwelekea, kaptura hiyohiyo, damu inachuruzika vidoleni, na ndipo kitu kizito kikanifunika kiunoni. Ilikuwa shali ya Mzee Gedi. Alikuwa ameivua begani mwake, akanizungushia, akaifunga fundo mwenyewe, mzee mzima, mbele ya wenzake. Kisha akanishika mkono, akahesabu vidole kimoja kimoja kama mtu anayehesabu ndama jioni.

"Vyote vipo," akasema. Akaitazama mashine. "Nani alikuuzia kitu hiki?"

Nikamwonyesha. Na Bashir, mnajua alikuwa wapi? Alikuwa amechutama penye sufuria, anakung'uta mchanga kwenye nyama. "Iliyo juu ni safi, adeer," akamwambia Mzee kwa heshima zote, huku anatafuna. Wallahi alikuwa anatafuna! Mbuzi wangu, siku ya msiba wangu, na aliyeniuzia mashine ndiye aliyeshiba.

Habiba akamweleza baba yake yote, ile ya kijani ya Kilonzo, kifungo chekundu, kinga, jiliwa. Mzee akanigeukia. "Kwa nini hukuchukua hiyo?"

Ningeweza kudanganya. Sikuwa na nguvu. "Nilitaka kukuchinjia, adeer."

Akatazama mchuzi unavyozama mchangani. Kisha akasema, "Mgeni anayelishwa vidole vya mwenyeji si mgeni. Ni fisi. Ulitaka kunifanya fisi mbele ya watu hawa?" Na hilo liliniuma kuliko vifundo vya vidole, kuliko video, kuliko maua, kwa sababu hakusema kwa ukali.

Video ilifika Mandera kabla sijapata nguo nyingine. Bashir anaapa kwamba aliituma kwa mtu mmoja tu. Nilipotaka kumrudishia mashine siku ya pili akaniambia kwa uso mkavu kwamba ng'ombe akishakamuliwa harudi kwa aliyemuuza. Nikamwambia aliyekamuliwa ni mimi. Hatusemezani mpaka leo, tunapeana salamu ya Mungu kwa sababu ni faradhi kuijibu, hatuzidishi neno.

Lakini mnataka kujua habari ya ua. Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, Mzee Gedi alitaka kutoa neno lake. Nikavaa suruali, nikakaa tayari. Hakuniita mimi. Alimwita Habiba. Walikaa nje wawili, nikasikia sauti zao bila maneno, kisha Mzee akanipitia mlangoni akasema, "Twende sokoni," na tukaenda, mguu kwa mguu, watu wakitutazama, mpaka kwa Kilonzo.

"Wewe Kilonso," akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani, "ile mashine ya kijani iko wabi? Ile na kifungo."

Kilonzo akaiwasha. Mzee akakibonyeza kile kifungo chekundu kwa kiganja, mashine ikasimama. Akamwambia aiwashe tena, akakibonyeza kwa ncha ya fimbo. Ikasimama. Akafanya hivyo mpaka Kilonzo akaanza kunitazama. "Hii iko na adabu," Mzee akasema. "Nabeleka kwa msichana yangu. Ng'ombe moja dume nakuletea."

Kwa msichana yangu. Mmesikia? Njiani kurudi ndipo aliponieleza. Ng'ombe watalala upande wa ukuta, karakana itabaki upande wa nyumba, na ua wote, na mashine, ni vya Habiba. "Kitu kinachoweza kukata mkono wa mtu," akasema, "mimi namwachia yule aliyeuliza kinazimwa wapi."

Basi ndivyo nilivyo sasa, fundi wa mke wangu. Nina hasira, sifichi. Nina hasira na Bashir, nina hasira na wale waliocheka ukutani ambao mageti yao nimeyachomelea kwa bei ya ndugu, na ninapomwona mbuzi mnono njiani namgeuzia uso. Maawis navaa msikitini na kitandani, sitaipeleka tena karibu na kitu kinachozunguka, hata feni. Mashine ya buluu imesimama pale kwenye ukuta, ng'ombe wa Mzee wanajikuna nayo. Na kila asubuhi, kabla sijawasha ile ya kijani, Habiba anatoka na sindano zake mdomoni, anasimama mlangoni, ananiuliza mbele ya wateja:

"Unazima wapi?"

Damu inanichemka. Mbele ya wateja! Lakini naweka chuma chini, nanyoosha kidole chenye kovu, namwonyesha.